Hita Niliyomnunulia Mama

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu Wairimu, na picha uliyonitumia jana kwenye simu imenirudisha pale pale. Umeniuliza jambo dogo tu. Umepiga picha ya hita dukani huko Nakuru, ya kampuni ambayo mimi na wewe hatujawahi kuisikia, ukaandika chini yake: "Dadi, hii bei ni poa sana. Ninunue ama nitajuta?" Nilianza kukujibu kwa maneno mawili nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nimeamua kukuandikia kirefu, kwa sababu siwezi kukujibu bila kukueleza jambo ambalo tulikuficha ulipokuwa mdogo.

Najua kwa nini unaitaka hiyo hita. Mama mkwe wako anakuja kuishi nanyi huko Njoro baada ya kupasuliwa goti, na hutaki baridi ya Julai imkute. Nia yako ni njema, mwanangu. Hata yangu ilikuwa njema, ama angalau ndivyo nilivyojiambia.

Usinicheke nikiongea kama mzee. Najua sijafika sitini, na wewe hupenda kuniambia kwamba mvi zangu ni za kuazima. Lakini tangu kanisa liniweke katika kiti cha wazee, hata watu niliosoma nao wananiita mzee, na nimegundua uzee una faida moja: mtu anaruhusiwa kuzungumza polepole. Kwa hivyo mimina chai, uketi, unisikilize.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na kichwa kimenivimba. Duka langu la mbolea na mbegu hapa Mau Narok lilikuwa limeanza kushika. Nilikuwa na pikapu. Nilikuwa nimemaliza kujenga hii nyumba ya mawe uliyokulia, ingawa ndani haikuwa imekwisha, na juu ya vichwa vyetu hapakuwa na silingi, ni mabati tu. Wewe ulikuwa darasa la pili. Cucu yako, yaani mama yangu, alikuwa na nyumba yake ya mbao pale pale uani, ile waliyojenga na babu yako shamba la mzungu lilipokatwa vipande na wao wakapata chao.

Katika nyumba ya mbao alikuwa analala tu. Kuishi, aliishi jikoni. Unalikumbuka lile jiko lake? Kibanda cha mbao zilizobaki kwa fundi, nyeusi tititi kwa masizi, mafiga matatu katikati, na moshi unaotoka popote unapopata nafasi. Cucu hakuwa mtu wa kupasua kuni. Alichukua gogo zima la saiprasi, akaweka ncha yake kati ya mafiga, na kadiri lilivyoungua alilisukuma kwa mguu. Gogo moja lilimpeleka tangu asubuhi mpaka mlipotoka shule, mkamkuta hapo na viazi kwenye majivu vikiwangoja.

Mimi jiko hilo lilikuwa linaniudhi. Nitakuambia ukweli wote kwa sababu nusu yake haina maana: niliona aibu na moshi wa mama yangu. Tulikuwa na ushirika wa kanisa unaozunguka nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ilikuwa inakaribia. Nilijua akina mama wakija wataingia kwanza jikoni kumsalimia Cucu, halafu watatoka wakipangusa macho na kupukuta masizi kwenye nguo zao za kanisani, waje kuketi kwenye makochi yangu mapya. Jambo dogo kama hilo lilinikosesha raha.

Basi siku moja nikawa nimepeleka mbegu Njoro, nikapita kwa rafiki yangu Mutai. Alikuwa amepanga nyumba ndogo, sebule na chumba kimoja, yenye silingi ya chini ambayo ungeweza kuigusa ukisimama juu ya stuli. Zulia lilifika ukutani. Kwenye kona alikuwa ameweka hita ya chuma ya kuni yenye bomba la kupeleka moshi nje, na mlangoni pake pamechorwa jua linalocheka. Chapa yake ilikuwa Jua Ndani. Mwanangu, niliketi hapo dakika chache nikavua jaketi, kisha nikavua sweta. Nikamwuliza bei. Ilikuwa nusu ya zile za madukani zenye majina makubwa. Nikasema moyoni, hii ndiyo yangu.

Nilikwenda Nakuru wiki hiyo hiyo. Mama aliyekuwa akiuza dukani, mtu mpole, aliniuliza nyumba yangu ni kubwa kiasi gani. Nikamwambia ni ya kawaida. Akauliza, "Na iko na silingi?" Sasa hapo, mwanangu, ndipo nilipoanza kuharibu. Nilikuwa nimevaa viatu vizuri, funguo za pikapu ziko mkononi, na sikutaka mtu wa Nakuru ajue kwamba jumba langu la mawe halijaisha. Nikamwambia, "Iko, kila chumba." Akaendelea, "Na mchana nani atakuwa anaiwasha?" Swali hilo niliona ni la kuniongezea gharama. Nikamjibu, "Mathe, wewe niuzie tu." Akaniuzia.

Mama yako Nyambura aliiona ikishushwa kwenye pikapu, akaizunguka kimya. Unamjua, akinyamaza hivyo kuna jambo. Nilipomwambia kwamba sasa jikoni kwa Cucu tutabomoa, akasema, "Si tuwashe hii kwanza, tuone msimu mmoja? Jikoni kwa mama hakuli pesa ya mtu." Nikamwambia asinirudishe nyuma. Kesho yake nikamtuma Simiyu, yule kijana aliyekuwa akitukamulia ng'ombe, abomoe kile kibanda.

Cucu alitoka akasimama pembeni na kigoda chake mkononi. Nilimweleza kwamba atahamia nyumba ya mawe, apewe chumba chake, na kwamba moshi ule ulikuwa unammaliza kifua, jambo ambalo hata lilikuwa kweli. Akatazama mbao zikianguka, kisha akaniambia, "Sawa. Boma ni lako." Nililichukua neno hilo kama shukrani. Pale mafiga yalipokuwa, nikasawazisha mchanga, nikaweka mabati juu, pikapu ikapata mahali pa kulala.

Siku ya ushirika niliwasha hita tangu mapema nikaishindilia kuni hadi chuma kikawa chekundu. Watu waliisifu. Mmoja alisema Ndirangu amekuwa mzungu, wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Mama yangu aliketi karibu na dirisha amefunga kitambaa chake kizuri, amevaa koti lake zito, mikono ameificha kwenye mikono ya koti. Katika nyumba iliyojaa watu wanaosifu joto, alikaa na koti mwanzo hadi mwisho. Nilimwona, nikadhani ni ustaarabu.

Sasa nikueleze ile hita, kwa maana haikuwa mbovu. Ilifanya kazi iliyotengenezewa. Lakini joto lake lilikuwa linapanda moja kwa moja hadi kwenye mabati na kutokea huko juu, na sisi huku chini tulikuwa tunaungua magoti huku migongo ikiganda. Halafu mdomo wake ulikuwa mdogo sana. Haikupokea gogo. Ilitaka kuni zilizopasuliwa nyembamba na kukatwa fupi, tena zilizokauka sawasawa, na mtu wa kuiangalia kila mara, la sivyo inazimika. Jioni nilikuwepo mimi. Nilipasua, nikawasha, nikasimama hapo nimejishika kiuno, nikamwuliza mama, "Unasikia joto?" Naye akajibu, "Joto iko."

Lakini mchana je? Mimi niko dukani. Nyambura yuko kazini zahanati. Ninyi mko shule. Cucu, mwenye vidole vilivyopinda kwa ugonjwa wa viungo, amebaki peke yake katika nyumba ya mawe yenye mabati matupu, Julai, Mau Narok, na ukungu umekaa mlangoni hadi saa sita. Shoka hawezi kulishika. Hita bila kuni ni chuma tu, na chuma kikipoa kinaongeza baridi. Sikuwahi hata siku moja kurudi mchana kuona. Sikujiuliza lile swali ambalo mama wa dukani aliniuliza bila kulipwa.

Baada ya muda nikaona kuni zinapungua. Nilikuwa nimepanga magogo nyuma ya nyumba yakisubiri kupasuliwa, na kila nilipoyatazama, moja halipo. Hazikuwa kuni za kutikisa mtu, msitu uko karibu. Ila nilikuwa na ile tabia ya mtu aliyeanza kupata, ya kudhani kila mtu anamwonea wivu. Nani mwingine angeweza kuyachukua isipokuwa Simiyu? Alikuwa amepanga chumba kule sokoni, na yeye pia alihitaji kupika.

Nilimkamata asubuhi, getini, mbele ya watu waliokuja kununua maziwa. Ningeweza kumwita kando. Sikumwita.

"Simiyu, kuni zangu zinaenda wapi?"

"Boss, mimi sijachukua."

"Kwani zimeota miguu?"

Akatazama chini. Kisha akatupa jicho upande wa ua wa kayaba uliotenganisha shamba letu na la Mzee Koech, akarudisha macho chini tena. Nikaona huo ndio ushahidi. Nikamwita mwizi. Nikamwambia anakula kwangu na kuniibia, na maneno mengine ambayo mzee wa kanisa hawezi kumwandikia binti yake. Watu wa maziwa walikuwa wameshika chupa zao, wengine wanatabasamu. Nilifikiri wanamcheka Simiyu.

Kelele zilimtoa Mzee Koech kwake. Unamkumbuka, yule jirani mrefu wa kofia ya sufu, aliyekuwa akiwapa pera. Alipita pale penye upenyo kwenye ua, akaja hadi nilipokuwa, na hakunisalimu. Akasema, "Ndirangu, wacha huyo kijana. Kuni unatafuta iko kwangu. Kuja uone."

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri Simiyu amemuuzia. Nilimfuata Mzee Koech nikiwa na hasira mpya, natunga maneno ya kumwambia jirani anayenunua mali ya wizi. Tukavuka upenyo, tukapita zizi lake, akafungua mlango wa jikoni akanipisha niingie mbele.

Gogo langu lilikuwa motoni. Upande huu Mama Chebet, mke wa Mzee Koech, alikuwa anamenya viazi. Upande wa pili, juu ya kigoda chake mwenyewe alichokibeba kutoka nyumbani, alikuwa ameketi mama yangu. Viatu amevua. Miguu ameinyoosha kwa moto. Koti lake limetundikwa kwenye msumari ukutani, na kwa vile lilivyotundikwa niliona kwamba msumari ule alikuwa ameshauzoea.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Naota moto."

Mwanangu, ningeomba ardhi inimeze wakati ule, lakini kabla ya aibu kunifikia bado kulikuwa na kiburi mlangoni, nacho ndicho kilichosema. Nilisema, "Lakini si kuna hita!" Mbele ya watu wale wawili, na moto ule, na miguu ile ya mama yangu, nilitetea hita.

Mama Chebet aliendelea kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimeshamenyeka. Mama yangu akanitazama bila hasira hata kidogo. Akasema, "Ile ni yako, Ndirangu. Mimi siiwezi. Mdomo yake ni kidogo, na hii mikono haishiki shoka."

"Si ungeniambia?"

Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kumuumiza mtoto.

"Ulikuwa umeifurahia sana," akasema.

Nilitoka nje, na hapo karibu na zizi Mzee Koech akanifikia. Alinisema kwa sauti ya chini, na ndiyo maana kila neno limebaki. "Siku ya kwanza alikuja na gogo kwa mgongo, amefunika na leso. Mimi nikamwambia, mama, moto ya hapa hailipishwi. Akakataa. Akasema hawezi kukalia moto ya watu kila siku na mikono mitupu. Kutoka hapo huyo Simiyu ndiye humvushia. Mimi nilitaka kuja kukuambia, yeye akanikataza. Akasema, kijana yangu akijua watu wanajua, ataona aibu." Akavua kofia, akajikuna, akaivaa. "Sasa mimi nakuuliza, Ndirangu. Hapo mbeleni, wakati ulivunja ile jikoni, wewe ulikuwa unaona aibu ya nini?"

Wewe umekulia hapa, huhitaji kuelezwa sana. Jirani akikuomba chumvi ama akikunywesha chai, hakuna anayehesabu. Lakini mama wa mtu aliyejenga nyumba ya mawe, mwenye pikapu iliyoezekewa, avuke ua kila asubuhi akatafute joto kwa jirani, hilo lilikuwa limeshazungumzwa kuanzia kwenye maziwa hadi kanisani. Ukoo wote ulijua, mtaa wote ulijua, na waliokuwa wakitabasamu getini hawakuwa wanamcheka Simiyu. Mtu pekee ambaye hakujua alikuwa mimi, na mtu pekee aliyejaribu kunistiri alikuwa ni yeye niliyemwacha kwenye baridi.

Nilimwomba Simiyu msamaha. Ila nilimwomba nyuma ya zizi, tukiwa wawili, ilhali matusi niliyatoa getini mbele ya watu. Hilo nalo linaniuma mpaka leo. Alisema, "Hakuna shida, boss." Hakuondoka. Lakini kuanzia siku hiyo kila alipogusa kitu chochote alinijia kuniambia: boss, nimechukua msumari moja; boss, nimetumia kamba ile fupi. Nilimwambia aache. Aliitikia, na kesho yake akaja tena. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu.

Siku chache baadaye Cucu akasema anataka kwenda Mai Mahiu kwa shangazi yako Wanjiku, "nikaote jua kidogo." Ninyi tuliwaambia kwamba amekwenda kumsaidia shangazi kwenye kioski. Ulilia, ukauliza atarudi lini, na nilikujibu kwa ukali kwa sababu sikujua kama atarudi. Sasa ndio unajua. Nilimshusha mwenyewe na pikapu. Tulipoteremka ule mteremko mrefu na hewa ikaanza kuwa ya vuguvugu, alifungua dirisha akatoa mkono nje. Shangazi yako alimpokea, akamwekea kiti nje ya kioski ukutani palipopigwa na jua, malori yakipita, naye akanyoosha miguu akafumba macho. Wanjiku hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nitakunywa chai, kwa sauti ambayo mtu humuuliza mgeni.

Niliporudi niliitoa pikapu mahali pale. Mimi na Simiyu tukajenga jikoni upya, imara kuliko ya kwanza, nikaweka na tundu la juu la kutolea moshi. Kisha nikashuka Mai Mahiu kumwomba mama yangu arudi nyumbani kwake. Nilisema kila nilichopaswa kusema, na nililia, ingawa wewe huamini kwamba baba yako hulia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akarudi. Alipoingia kwenye jiko jipya alitazama kuta, akagusa mbao, akasema, "Asante sana, umefanya kazi kubwa." Akaweka gogo lake, akaketi. Nikafikiri basi, yameisha.

Hayakuisha, na hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulisikie. Mama yangu alinisamehe, sina shaka na hilo. Alinicheka, alinituma, aliniombea. Lakini kitu kimoja hakunipa tena hadi alipokufa. Hakuwahi kuniambia tena kwamba anasikia baridi. Nilimwuliza mara nyingi. Kila mara alisema, "Niko sawa tu, usijisumbue." Julai yake ya mwisho, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, nilimshika mikono nikaisikia imekuwa baridi kama maji ya mtoni. Nikamwuliza, "Mama, nikuongezee blanketi?" Akasema, "Niko sawa tu." Nikatoka. Nilipokuwa bado nje ya mlango nikamsikia akimwambia mama yako, pole pole, "Nyambura, hebu niletee ile nzito."

Alimstahi mwanawe hadi mwisho. Aliogopa kwamba akiniambia nitakwenda kununua kitu kingine na kukifurahia. Na mpaka leo, Wairimu, sijui mama yangu alisikia baridi kiasi gani ndani ya nyumba yangu.

Hita yenyewe nilimpa mwalimu mmoja anayekaa chumba kimoja chenye silingi karibu na shule. Ameiwasha miaka yote hii, haijamsumbua. Kila tunapokutana ananishukuru, na kila anaponishukuru natamani azungumzie mvua.

Basi nikujibu. Hiyo uliyoiona Nakuru inaweza kuwa nzuri sana. Rahisi si vibaya, na jina kubwa halileti joto. Lakini uliponiuliza kama chapa hiyo inafaa, ulikuwa umesimama dukani, na jibu haliko dukani. Rudi nyumbani kwanza uinue macho: silingi ipo yote, au kuna chumba ambacho fundi alisema atarudi kumalizia? Usimdanganye muuzaji kama nilivyofanya. Mwambie ukubwa wa sebule yenu kama ulivyo, pamoja na madirisha yasiyofunga vizuri, na akikuambia hii ni ndogo, mshukuru uondoke. Tafuta mtu mwenye hita kama hiyo katika nyumba inayofanana na yako, si iliyo nzuri kuliko yako, ukakae naye saa nzima ndipo uamini. Uliza pia nani huko Nakuru anaitengeneza ikiharibika, maana vitu vingine vikifa hata muuzaji hajulikani aliko. Na kwa vile ya kwenye picha ni ya gesi, acha dirisha wazi kidogo kila inapowaka, na msilale ikiwaka, hata baridi iwe ya namna gani. Hilo usilifanyie mchezo.

Lakini kabla ya yote hayo, fikiria saa nne asubuhi. Wewe uko kazini, mume wako yuko kazini, na mama wa watu yuko peke yake na goti bovu. Ataweza kuinama kuiwasha? Mtungi ukiisha ataubadilisha nani? Kama huna jibu, hujapata hita bado, hata kama umeshalipa.

Na umwulize mwenyewe, kabla hujanunua, kabla hujamwonyesha picha. Mwulize kwao alikuwa anaotea wapi moto, anapenda kuketi na nani, baridi humwanzia miguuni au mgongoni. Ukimwonyesha kitu ulichokwisha kukifurahia, atakisifu, kwa sababu atakuwa mgeni kwako na atataka amani. Wazee hutusitiri kuliko tunavyowasitiri. Akisema "niko sawa tu," usiridhike upesi kama mimi. Rudi nyumbani mchana mmoja bila kusema unakuja, umguse mikono.

Haya, mwanangu. Nimekuvulia koti langu la uzee, umeona kilichomo. Mungu aibariki nyumba yako na walio ndani yake. Akupe masikio ya kusikia kile ambacho mtu amekionea haya kukisema. Na ikiwa atanikubalia moja tu kati ya yote ninayokuombea, iwe hili: mama wa watu azeeke kwako akilalamika, alalamike asubuhi na jioni, akuambie bila woga kwamba nyumba yako ni baridi na hita yako ni bure kabisa. Siku atakapokuambia hivyo, nipigie simu. Nitafurahi kuliko unavyodhani.